Ajali Ina Kinga

Katika misiba inayotokana na ajali za barabarani husikika sentensi moja ambayo imekwisha kuwa kama sala: ajali haina kinga. Huitamka mzee aliyekabidhiwa kutoa shukrani, huitamka mwakilishi wa ofisi aliyeleta ubani, na huitamka jirani anayetafuta neno la kumfariji mjane. Kama faraja, usemi huo una nafasi yake, na hapana mtu mwenye utu atakayesimama makaburini kubishana nao. Lakini usemi huo umetoka makaburini ukaingia maofisini, kisha ukapanda magari na kuketi katika kiti cha dereva. Huko haufariji tena mtu yeyote. Huko umegeuka kibali cha uzembe.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa duniani kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo inayoizidi hiyo. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kama ajali ingekuwa ni kudra tupu isiyozuilika, basi kudra hiyo ingewagawia watu wa mataifa yote sehemu sawa. Haifanyi hivyo. Nchi zilizoamua kupunguza mwendo wa magari, kufunga mikanda, kukagua breki na kumpumzisha dereva zinazika watu wachache zaidi, na nchi ambazo hazijaamua zinaendelea kuzika wengi. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba kinga ipo.

Mkoa wa Tabora unastahili kusikilizwa katika jambo hili, maana ni mkoa uliozaliwa na safari. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, mji huo ulikuwa kitovu cha njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Kati ya Ugogo na Tura lilikuwapo pori lililoogopwa na wasafiri wote, lisilo na maji ya kutegemewa wala vijiji vya kununua chakula, nao wakaliita Mgunda Mkali. Mtu anayesafiri leo kwa gari kutoka Manyoni kwenda Tabora kwa njia ya Itigi, Chaya na Nyahua analipita pori hilo hilo. Sehemu ya Nyahua hadi Chaya, yenye urefu wa kilometa 85 hivi, ilikuwa ya mwisho kuwekwa lami, nayo ilizinduliwa mwaka 2022. Pori ambalo mpagazi alilivuka kwa siku nyingi, akiwa na mzigo wa ratili 70 begani, dereva wa basi hulivuka kabla abiria hajamaliza kumenya machungwa yake.

Hayo ni maendeleo, na hapana mwananchi wa Tabora anayetamani kurudi kwenye vumbi na matope ya zamani. Lakini barabara mbaya ilikuwa na askari wake ndani yake. Mashimo yalimkamata dereva mwenye haraka, na tope la mbuga lilimtoza faini papo hapo. Lami imemwondoa askari huyo, na bado haijawekwa nidhamu ya kutosha kushika nafasi yake.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na nidhamu hiyo. Si haki kuisimulia misafara kana kwamba ilikuwa sherehe, kwa kuwa njia hiyo ilipitisha pia watumwa waliofungwa minyororo, na ndui na njaa viliwaacha wengi kando ya njia. Hata hivyo, kazi ya upagazi ilikuwa kazi ya watu huru waliojivunia ustadi wao, na ustadi huo ulikuwa na sheria. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliziandika kwa kirefu. Burton alikuwa na dharau nyingi kwa Waafrika na vitabu vyake havina budi kusomwa kwa tahadhari, lakini mambo aliyoyaona njiani aliyaona kwa macho makini. Alieleza kwamba mbele ya msafara alikwenda kirongozi akiwa na bendera nyekundu, na kwamba hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Mpagazi aliyethubutu kumpita kirongozi alichomolewa mshale mmoja katika podo lake, uwe ushahidi wa kosa lake msafara utakapofika kambini, na hapo akalipa faini.

Msomaji na aitafakari adhabu hiyo. Watu waliokwenda kwa miguu, ambao kugongana kwao kungeweza kuleta uchubuko tu wa kiwiko, waliona kwamba kumpita aliye mbele bila ruhusa ni kosa linalostahili ushahidi na hukumu. Leo chombo chenye uzito wa tani kumi na tano na roho za watu sitini humpita mwenzake juu ya kilima, katika mstari mweupe usiokatika, na abiria waliomo husinzia au hushangilia.

Sheria nyingine ya misafara inafanana sana na desturi iliyopo mpaka sasa. Njia ilipogawanyika, watangulizi waliifunga ile isiyofaa kwa tawi la mti au kwa mstari uliochorwa kwa mguu, ili walio nyuma wasipotee. Madereva wa leo, gari linapoharibika, hukata matawi na kuyapanga barabarani mita kadhaa kabla ya gari lenyewe. Ni lugha inayoeleweka kutoka Tabora hadi pwani, na imeokoa watu wengi. Sheria inataka pembetatu zinazoakisi mwanga, na kila gari halina budi kuwa nazo, lakini dereva ambaye hana pembetatu akaweka matawi amewajali wenzake kuliko yule mwenye pembetatu mpya chini ya kiti ambaye haitoi. Kibaya ni kinachofuata. Gari likishatengenezwa, dereva na utingo wake hupanda na kwenda zao, wakiacha nyuma yao matawi, na pengine mawe makubwa waliyozuilia matairi. Jiwe lililomsaidia dereva mmoja saa kumi jioni humwua mwendesha pikipiki saa mbili usiku. Hapa hapana kudra. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, nayo haikufanywa.

Lakini la kustaajabisha zaidi katika habari za Burton ni jinsi misafara miwili ilivyosalimiana. Alieleza kwamba misafara rafiki ilipokutana, virongozi wawili walisogeleana kwa madaha, hatua moja mbele na kusimama, wakitazamana kwa pembe za macho. Halafu ghafla wakainama na kugonganisha vichwa kama kondoo madume. Wapagazi wa nyuma nao wakafuata, wakisukumana kwa vurumai ambayo mgeni angeidhani ni vita, na kama hapakuwa na uhasama wa zamani, mambo yakaisha kwa kicheko. Kisha upande dhaifu ukaupisha upande wenye nguvu.

Tarehe 4 Julai 1916 salamu hiyo bado ingewezekana katika njia za Ugogo, maana mguu wa binadamu hauna mwendo wa kuua. Tarehe 4 Julai 2016, katika kijiji cha Maweni karibu na Kintinku, wilayani Manyoni, mabasi mawili ya kampuni moja yaligongana uso kwa uso mchana kweupe. Moja lilikuwa likitoka Dar es Salaam kwenda Kahama, la pili likitoka Kahama kwenda Dar es Salaam. Watu wapatao 30 walikufa. Maelezo yaliyotolewa baada ya ajali yalisema kwamba madereva hao, waliofahamiana, walikuwa wakitaniana kwa kuhamia kila mmoja upande wa mwenzake. Kwa maneno mengine, virongozi wawili walisogeleana kwa madaha. Lakini mabasi mawili yanayokwenda kila moja kilometa 80 kwa saa yanakaribiana kwa kilometa 160 kwa saa, yaani mita 44 katika kila sekunde moja. Utani unahitaji nafasi ya kubadili nia, na mwendo wa namna hiyo hauachi nafasi yoyote.

Maweni haikuwa peke yake. Mwezi Agosti 2014 mabasi mawili yaligongana Mlogolo, wilayani Sikonge, na mwezi Aprili 2018 basi na lori viligongana Makomero, wilayani Igunga. Kila moja ya ajali hizo iliua zaidi ya watu kumi. Tena haifai kusahau kwamba barabara haichagui cheo. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine, akirejea Dar es Salaam kutoka Dodoma, alikufa katika ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro. Taifa zima lililia. Miaka arobaini na zaidi imepita, na bado wapo viongozi ambao misafara yao hupita vijijini kwa mwendo unaowafanya watoto wakimbilie mitaroni.

Walimu wa hisabati wanaweza kulifanya jambo hili somo la darasa la saba. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho na mwenye akili timamu hutumia kama sekunde moja tangu kuona hatari hadi kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari limekwisha kula mita 22 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Baada ya hapo, juu ya lami kavu na kwa matairi mazuri, huhitaji mita 35 hivi ili lisimame. Jumla ni karibu mita 57. Kwa mwendo wa 100, jumla huwa mita 83. Kwa mwendo wa 120 hupita mita 110, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira wa Ali Hassan Mwinyi, kutoka goli hadi goli. Nguvu ya mgongano haikui sambamba na mwendo. Hukua kwa kipeo cha pili chake, kwa hiyo mwendo ukizidishwa mara mbili, pigo huzidi mara nne. Hesabu hizo ni za gari dogo zima. Lori lenye marobota ya tumbaku kutoka Urambo, likiwa na matairi vipara na breki zilizochoka, lina hesabu yake, na ni mbaya zaidi.

Baada ya hapo wanafunzi wapewe swali la pili: dereva anapata faida gani? Kilometa 85 za Nyahua hadi Chaya, kwa mwendo wa 80, huchukua dakika 64. Kwa mwendo wa 110 huchukua dakika 46 na ushei. Faida ni dakika 17, nazo humalizika zote pale Itigi abiria wanaposhuka kununua chai.

Usiku una hesabu yake. Taa zilizoshushwa humwonyesha dereva mita 50 hivi za barabara. Anayekwenda kilometa 80 kwa saa na anahitaji mita 57 ili asimame amekwisha kuupita uwezo wa taa zake. Anaendesha ndani ya giza kwa kutumaini tu kwamba hakuna kitu. Na katika barabara za Tabora kitu hakikosekani. Yupo mwenye baiskeli aliyefunga magunia matatu ya mkaa, hana taa wala kiakisi. Lipo kundi la ng'ombe lililochelewa kurudi zizini. Lipo lori bovu lililozima taa zote ili kutunza betri. Anayependa kusema kwamba mwenye baiskeli ndiye mkosaji anaweza kuwa na haki mbele ya hakimu, lakini kesi hiyo itasikilizwa baada ya mazishi.

Kwa karibu miaka thelathini mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku kucha. Zuio hilo lilitangazwa bungeni kuwa limeondolewa mwezi Juni 2023, na kuanzia Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ikaanza kuruhusu safari za saa ishirini na nne. Uamuzi huo una sababu zake za kiuchumi, na si haki kuupinga kwa hofu tu. Lakini mwili wa binadamu haukushirikishwa katika uamuzi huo. Mwili una saa yake ya ndani, nayo huuamuru ulale kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, tena huurudia wito huo kwa upole baada ya chakula cha mchana. Dereva anayepambana na wito huo hasinzii kama mtu aliyelala kitandani. Hupotewa na fahamu kwa sekunde mbili au tatu, macho yakiwa yamefumbuka nusu, kisha hurudi na mara nyingi hajui kwamba aliondoka. Katika sekunde tatu, kwa mwendo wa 80, basi limekwenda mita 66 bila dereva.

Kahawa, muziki wa sauti ya juu, karanga na dirisha lililofunguliwa huahirisha tu jambo hilo. Dawa ya usingizi ni usingizi. Dakika ishirini za kulala kando ya barabara, mahali salama, humrudishia dereva akili ambayo redio haiwezi kumpa. Ndiyo maana safari ndefu za mabasi zinatakiwa ziwe na madereva wawili, na dereva wa pili sharti awe amelala kweli. Dereva wa pili aliyekaa mlangoni usiku kucha akipiga soga na kondakta ni jina la pili katika karatasi na hakuna zaidi. Wapagazi waliondoka alfajiri, wakaweka mizigo chini kabla jua halijawa kali, na jioni wakala na kulala. Hakuna mtongi aliyeiona hiyo kuwa ni kupoteza muda.

Ni rahisi kumtupia dereva lawama zote, na magazeti hufanya hivyo kila siku. Dereva ndiye anayeshika usukani, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua hivyo. Anayelewa na kuendesha, anayepita mahali pasipoonekana mbele, anayepita kijijini zaidi ya kilometa 50 kwa saa, hana wa kumsingizia. Lakini yupo tajiri mwenye basi anayelipa kwa safari badala ya kulipa mshahara, na yupo abiria anayepiga kelele kwamba basi la nyuma linawapita. Na, kwa kuwa ukurasa huu husomwa maofisini, hapana budi kumtaja pia mtu wa tatu: mtumishi wa umma anayeketi kiti cha nyuma.

Barua ya wito hufika Tabora siku ya Jumatano. Kikao ni Alhamisi saa tatu asubuhi, Dodoma, karibu kilometa 400. Kwa mwendo wa halali, pamoja na vijiji, matuta na mapumziko, hiyo ni safari ya saa sita au saba. Mkuu wa idara ana kazi nyingi mezani, basi huamua waondoke saa nane usiku. Dereva, ambaye mchana kutwa alikuwa akizungushwa mjini kupeleka barua na kufuata vipuri, huambiwa saa kumi na mbili jioni. Hulala saa tatu, au halali kabisa. Saa tisa usiku yuko Mgunda Mkali, mkuu amelala nyuma, na gari linakwenda 120 kwa sababu kikao hakimngoji mtu. Wakifika salama, hakuna atakayekumbuka. Wasipofika, tume itaandika kwamba chanzo ni mwendo kasi wa dereva, na itakuwa imeandika ukweli ambao si kamili.

Dereva wa serikali ana cheo cha chini kuliko wote waliomo garini, na hilo ndilo kosa la muundo wa safari nyingi. Katika msafara, kirongozi alikuwa mpagazi mwenye mzigo wake kama wenzake, tena aliyeajiriwa. Lakini njiani hata tajiri mwenye pembe za ndovu hakumtangulia. Dereva anayesema "mzee, nimechoka, tusimame" hana budi kupewa heshima hiyo hiyo, na aandikwe kuwa ametimiza wajibu, asiandikwe kuwa mvivu. Hali kadhalika dereva anayekataa kutoka na gari lenye tairi bovu. Ofisa usafirishaji anayemlazimisha kwa kuwa fungu la matengenezo limekwisha anapaswa kutia saini yake chini ya amri hiyo, kwa maandishi, katika kitabu cha safari cha gari lenyewe. Wachache watatia.

Walimu nao wana yao. Wengi hufika shuleni kwa pikipiki, na wanafunzi huwatazama kuliko wanavyowasikiliza. Mwalimu aliyepakiwa na bodaboda bila kofia ngumu, wakiwa watatu juu ya kiti kimoja, amekwisha kufundisha kabla kengele haijapigwa. Katika shule zilizo kando ya barabara kuu, watoto wa darasa la kwanza huvuka lami mara mbili kwa siku, nao hawajui kukadiria mwendo wa gari. Kwa mtoto wa miaka saba, gari lililo mbali liko mbali, basi. Kumweka mwalimu wa zamu barabarani asubuhi na mchana hakuhitaji mfadhili wala mradi.

Yapo mambo yanayohitaji fedha, na hayo Serikali haina budi kuyabeba: alama za barabarani zinazong'olewa na kuuzwa chuma chakavu zirudishwe, maegesho ya malori yajengwe nje ya lami katika mapori marefu, mizani na ukaguzi visiwe vituo vya mapatano. Lakini jambo moja ni la bei ndogo kiasi kwamba ni aibu kulijadili. Ni posho ya dereva ya kulala usiku mmoja kabla ya kikao, iandikwe katika masurufu siku ile ile ya barua ya wito. Kitanda cha nyumba ya wageni ya kawaida pale Manyoni hakigharimu hata bei ya tairi moja la gari linalompeleka mkuu. Bajeti inapobana, mstari huo ndio wa kwanza kukatwa, na anayeukata ni ofisa atakayelala kiti cha nyuma.